Anza na Maji, Bastola Itafuata: Vita vya Malisho katika Riwaya za Makauboi

Ukifungua riwaya ya zamani ya makauboi yenye vita vya malisho ndani yake, usikimbilie kumtafuta mpiga bastola. Tafuta maji. Angalia kijito kinapita kwa nani, chemchemi iko kwenye ardhi ya nani, na nani alitangulia kufika. Ukishayajua hayo matatu unaweza kubashiri nani atachomewa nyumba, nani atauawa mapema ili wengine waogope, na yule mgeni anayeingia mjini na bastola kiunoni ataajiriwa na nani. Watu huzipenda hadithi hizi kwa mapigano yake, nami nazipenda vivyo hivyo, lakini mapigano hayo yamesimama juu ya hesabu ya ufugaji. Mwandishi anayeijua hesabu hiyo hutoa kitabu kinachomshika msomaji. Asiyeijua hutoa watu wanaopigana bila sababu.

Hesabu ni hii. Ng'ombe wa nyama aliyekomaa hunywa lita 40 hadi 60 kwa siku wakati wa joto. Kundi la ng'ombe 2,000, ambalo kwa tajiri wa riwayani si kubwa, linahitaji kama lita 100,000 kila kukicha. Maji hayo hayachotwi kwa ndoo. Tena ng'ombe halishi popote apendapo. Hukaa kilomita mbili tatu kutoka majini, na nyasi zikiisha husogea, lakini akilazimika kutembea kilomita 8 kwenda na 8 kurudi anakonda, na ndama wanaachwa njiani. Sasa weka chemchemi katikati, pima kilomita 8 kila upande, uchore duara. Ndani yake kuna kilomita za mraba 200, karibu eka 50,000. Mwenye eka chache tu zinazoizunguka chemchemi hahitaji hati ya zile 50,000. Akiizungushia uzio, nyasi zote zilizobaki hazimfai mtu mwingine.

Sheria ya Marekani ilizidisha ugumu. Kwa sheria ya makazi ya mwaka 1862, mtu aliweza kupata eka 160 za serikali, kama hekta 65, akikaa juu yake miaka mitano, akajenga na kulima. Eka 160 za Illinois ni shamba zuri. Katika nyanda kavu za Wyoming, ambako nyasi ni fupi na ng'ombe mmoja anataka eka 20 hadi 40, eka hizo hizo hulisha ng'ombe wanne hadi wanane, na familia haiishi kwa ng'ombe wanane. John Wesley Powell, mpelelezi wa ardhi za Magharibi ya Marekani, aliieleza serikali mwaka 1878 kwamba ranchi ya familia katika maeneo yale ingehitaji eka 2,560. Sheria haikufuata ushauri wake. Mlowezi, basi, hakuwa na njia ila kukaa kando ya maji amwagilie shamba, na tajiri wa ng'ombe hakuwa na njia ila kuyashika maji yale yale ili kundi lake lile bure kwenye ardhi ya umma. Kila mmoja alikuwa na hoja. Riwaya nzuri huwapa wote wawili hoja zao kabla ya kuwapa bunduki.

Matajiri walikuwa na mbinu zao za kuzipata eka za majini. Makauboi wa ranchi walijiandikisha kama walowezi, kisha wakamuuzia bosi. Sheria ya ardhi ya jangwa ya mwaka 1877 iliruhusu eka 640 kwa malipo ya awali ya senti 25 kwa eka, kwa sharti la kumwagilia ndani ya miaka mitatu. Simulizi za ofisi za ardhi zimejaa mashahidi walioapa kwamba wameyaona maji yakimwagwa pale, na kweli yalimwagwa: ndoo moja. Wapo pia walioapa kwamba nyumba imejengwa, 12 kwa 14, bila kutaja kwamba kipimo chenyewe ni inchi. Kwa mtunzi, hapa kuna utajiri. Hati ina tarehe, ina shahidi, ina ofisi iliyo mwendo wa siku mbili kwa farasi, na ndiyo maana riwaya nyingi zina ile safari ya usiku ya kuwahi kujiandikisha.

Seng'enge ilipokuja, ugomvi uliokuwa wa maneno ukawa wa koleo. Hataza ya seng'enge ya Joseph Glidden ilitolewa tarehe 24 Novemba 1874, na kufikia 1883 Texas ilikuwa inakatwa nyua kila kona. Mkataji aliyeijua kazi hakukata mahali pamoja, kwa sababu waya uliokatika mara moja huungwa kwa dakika chache. Alikata kati ya kila nguzo mbili, kilomita kwa kilomita, hadi waya wote ukawa vipande visivyofaa hata kufungia lango. Alisimama pembeni pia, maana waya uliokazwa ukikatwa hurudi kwa nguvu na miba yake huchana uso. Mwaka 1884 Texas ilifanya ukataji huo kuwa kosa kubwa la jinai, na papo hapo ikamkataza mtu kuzungushia uzio ardhi isiyo yake. Riwaya nyingi hukumbuka nusu ya kwanza tu ya sheria hiyo.

Chapa na namna inavyochezewa

Kwenye malisho ya wazi ng'ombe wa watu kumi huchanganyika mwaka mzima. Kinachowatenganisha ni chapa kwenye ngozi na mkato sikioni. Majira ya kuchipua hukusanywa wote, na kila ndama hupigwa chapa ya mama anayemnyonya. Aliye juu ya farasi humnasa ndama kwa kamba ya kitanzi na kumburura hadi motoni. Wawili humlaza ubavu: mmoja anakunja mguu wa mbele, mwingine anakaa chini nyuma yake, anauvuta mguu wa nyuma wa juu na kuusukuma ule wa chini kwa buti. Wa nne analeta chuma.

Chuma hakitakiwi kuwa chekundu, na hapo ndipo waandishi wengi hukosea. Chuma chekundu huwasha manyoya, moto unatambaa, na chapa inakuwa doa lisilosomeka. Kinachotakiwa ni rangi ya majivu. Kinakandamizwa kwa sekunde chache, kinatikiswa kidogo ili joto lienee sawasawa, na kikiondolewa ngozi inabaki na rangi ya tandiko jipya. Kikicheleweshwa kinaingia nyamani, kidonda kinaoza na nzi wanataga mayai. Kikiwahishwa, manyoya yanaota tena na chapa inapotea kabla mwaka haujaisha.

Mwizi anajua yote hayo, na anayageuza yamfae. Anaweza kupiga chapa kupitia blanketi lililoloweshwa ili iungue manyoya tu. Wakati wa mkusanyo chapa ya mwenyewe inaonekana ipo, miezi michache baadaye imefutika, na mwizi anaweka yake. Anaweza kumkata ndama sikio kwa alama sahihi na kuacha ubavu mtupu, kwa sababu mchungaji anayepita mbali huona sikio akaridhika. Au anabeba chuma cha kuchorea, nondo fupi iliyopinda ncha, na kuongeza mistari kwenye chapa ya mwingine: C inafungwa ikawa O, I inavikwa kofia ikawa T, V inawekewa juu yake V nyingine iliyopinduliwa ikawa almasi. Asiyetaka kukutwa na chuma hicho alitumia pete ya mkanda wa tandiko, akaipasha moto na kuishika kwa vijiti viwili.

Kwa nje kazi hiyo inaweza kumdanganya hata mkaguzi. Ukweli uko ndani. Mchinje ng'ombe, mchune, geuza ngozi upande wa nyama: kovu la zamani na kovu jipya hayafanani, na mstari ulioongezwa unajitenga na ule wa kwanza. Kwa hiyo mwizi aliyechinja huzika ngozi au huichoma. Riwayani, ngozi iliyotupwa kwenye kisima kikavu ni ushahidi mzito kuliko maneno ya mashahidi watatu, na mwandishi anayejua kuitumia hahitaji mhalifu akiri.

Kiswahili hakipungukiwi katika haya: mtamba, maksai, fahali, ndama, chapa, zizi, vyote tunavyo. Anayetafsiri hadithi hizi hana sababu ya kuandika "ng'ombe" tu ukurasa mzima. Aliyeuzwa ni maksai. Aliyepiganiwa ni mtamba, kwa sababu huyo ndiye anayezaa kundi la kesho.

Ndama asiye na chapa na asiye na mama ndiye aliyeleta damu. Zamani kumchukua ilikuwa njia ya kawaida ya kauboi kuanza kundi lake, na wenye ranchi wenyewe waliwalipa makauboi kwa kila ndama wa namna hiyo waliyempigia chapa ya bosi. Mwaka 1884 Wyoming ikapitisha sheria: ndama hao wanauzwa kwa mnada chini ya chama cha wafugaji wakubwa, na fedha zinawalipa wakaguzi wa chama hicho hicho. Kauboi mwenye ng'ombe wake aliwekwa kwenye orodha ya wasioajiriwa. Jambo lile lile ambalo mtu alilipwa kulifanya mwaka juzi, sasa limekuwa wizi. Hakuna mgogoro bora kuliko huu kwa mtunzi wa riwaya.

Wyoming, 1892

Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu na malisho yalikuwa yamejaa ng'ombe kupita kiasi. Theluji ilianza Novemba, na Januari 1887 zikaja dhoruba. Theluji iliyeyuka juu juu, kisha ikaganda kuwa barafu. Farasi huparua theluji kwa kwato za mbele mpaka azifikie nyasi. Ng'ombe hajui hilo, husukuma kwa pua, na barafu ilimkata pua na miguu. Upepo ukimzidi huupa mgongo na kutembea unakoelekea, mpaka kitu kimzuie. Kilichowazuia wengi ni seng'enge, na kando yake ndiko walikokutwa theluji ilipoisha, wamelaliana. Kampuni nyingi, baadhi za wawekezaji wa Uskoti na Uingereza, zilikuwa zimenunua ng'ombe kwa idadi ya daftarini bila kuwahesabu. Hasara ilipojitokeza, mameneja waliohitaji maelezo walikuwa na maelezo tayari: wezi.

Tarehe 20 Julai 1889, Ella Watson na James Averell walinyongwa bila kufikishwa mahakamani karibu na mto Sweetwater. Wote wawili walikuwa na viwanja vya walowezi kwenye maji, ndani ya eneo ambalo tajiri jirani alilitumia kama lake. Magazeti ya Cheyenne yalimwandika Ella kama mwizi na malaya. Kisha Aprili 1892 wakuu wa chama cha wafugaji wakapanga jeshi lao: watu kama 50, karibu nusu wapiga bunduki kutoka Texas, treni maalumu kutoka Cheyenne hadi Casper, magari ya farasi yenye risasi na vyakula, na orodha ya watu wa kuuawa katika Kaunti ya Johnson. Watexas waliahidiwa dola 5 kwa siku na dola 50 kwa kila atakayeuawa. Kauboi wa wakati huo alipata dola 30 hadi 40 kwa mwezi. Ukitaka kujua kwa nini mhusika wako ameacha kamba akashika bunduki, tofauti hiyo inatosha.

Kiongozi wa msafara alikuwa Frank Wolcott. Miaka saba kabla, 1885, kijana wa Philadelphia aitwaye Owen Wister alikuwa mgeni kwenye ranchi yake, safari yake ya kwanza Wyoming. Mwaka 1902 Wister alichapisha The Virginian, riwaya iliyoweka ramani ya nyingine zote. Shujaa wake ni msimamizi wa ranchi ya tajiri, anashiriki kumnyonga rafiki yake mwenyewe kwa wizi wa ng'ombe, na hakimu katika kitabu anatoa hoja ndefu ya kuhalalisha kunyonga huko. Jua linapotua shujaa na adui yake wanakutana mjini, na mmoja anaanguka.

Mwaka 1949 Jack Schaefer, mwandishi wa magazeti ambaye alikuwa hajafika Magharibi ya Marekani, akachapisha Shane. Ni Wyoming ile ile, majira ya joto ya 1889, lakini sasa mwizi ni tajiri anayewabana walowezi bondeni, na mpiga bastola anasimama upande wa wenye eka 160. Navisoma vitabu hivi viwili kama kesi moja yenye mawakili wawili. Upande wa kwanza ulikuwa na mgeni wa Wolcott. Upande wa pili ulisubiri karibu miaka 60 kupata riwaya yenye uzito huo, ingawa Asa Mercer, mchapishaji wa gazeti, alikuwa ameshawaandikia utetezi mkali mwaka 1894.

Silaha yenyewe

Sasa tumfikie mtu wa bastola. Anayobeba riwayani mara nyingi ni Colt ya 1873, kama kilo moja, yenye matundu sita. Iliyotumia risasi ya .45 ilibeba gramu 2.6 za baruti nyeusi na kipande cha risasi cha gramu 16 hivi. Mtu mwenye akili alipakia tano. Nyundo ya bastola ile ikikaa juu ya risasi, pigo dogo linaweza kuifyatua, bastola ikianguka au tandiko likiigonga. Utaratibu ulikuwa huu: vuta nyundo nusu, fungua kilango cha kulia, weka risasi moja, ruka tundu moja, weka nne mfululizo, vuta nyundo hadi mwisho, kisha ishushe taratibu juu ya tundu tupu. Kutoa maganda ni moja moja, kwa kusukuma kifimbo kilicho chini ya mtutu. Mhusika anayefyatua mara nane na kupakia tena huku anakimbia ameazima bastola ya karne nyingine.

Jambo la pili ni moshi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki hewa. Inabaki kuwa chembe, na chembe hizo ndizo ukungu mweupe na masizi. Ndani ya baa, baada ya risasi tatu nne hakuna anayemwona mwenzake, na wanaoendelea kufyatua wanafyatulia sauti. Masizi huganda kwenye mhimili wa silinda hadi ikawa nzito kuzunguka. Baruti isiyo na moshi ilienea miaka ya 1890, kwa hiyo hadithi ya 1878 isiyo na moshi ni hadithi ya filamu. Ala inayoning'inia chini na kufungwa pajani nayo ni ya filamu za katikati ya karne ya 20. Ala ya miaka ya 1870 na 1880 ilikaa juu kiunoni, ikiwa na kina, na kazi yake kubwa ilikuwa kuizuia bastola isidondoke farasi akirukaruka.

Pambano la ana kwa ana barabarani lilitokea, lakini ni haba mno. Mfano ulio wazi ni Springfield, Missouri, tarehe 21 Julai 1865: Wild Bill Hickok na Davis Tutt, umbali wa kama mita 70, kila mmoja risasi moja, ugomvi wa deni la kamari na saa ya mfukoni. Pale Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881 watu walisimama mita mbili tatu tu, wakafyatua kama risasi 30 kwa sekunde 30, watatu wakafa, na Doc Holliday alitumia bunduki ya marisau kabla ya bastola. Hickok mwenyewe aliuawa mwaka 1876 kwa risasi ya kisogoni akicheza karata. Billy the Kid alipigwa gizani chumbani, 1881. John Wesley Hardin alipigwa kwa nyuma, 1895. Aliyelipwa kuua hakumpa mtu nafasi ya kuchomoa.

Hebu tazama mapigano ya kweli ya malisho yalivyokwenda. Alfajiri ya tarehe 9 Aprili 1892 jeshi la Wolcott lilizingira kibanda cha ranchi ya KC, alimokuwa Nate Champion na Nick Ray, waliokuwa kwenye orodha ile ya kuuawa, pamoja na wawindaji wawili waliolala hapo usiku huo. Wa kwanza kukamatwa alikuwa mwindaji aliyetoka na ndoo kuchota maji. Wa pili alitoka kumtafuta, naye akakamatwa. Ray alipotoka alipigwa, na Champion akamburura hadi ndani. Ray alikufa asubuhi hiyo. Champion peke yake aliwazuia watu hao 50 mpaka alasiri, na kati ya milio aliandika kwenye kijitabu, kwa saa zake, nani yuko wapi na anasikia nini. Walimshinda pale tu walipoteka gari la mpita njia, Jack Flagg, aliyeponea chupuchupu, wakalijaza kuni na nyasi kavu na kulisukuma likiwaka hadi kwenye ukuta. Champion alitoka akikimbia ndani ya moshi na wakamuua.

Siku hiyo moja iliwagharimu kila kitu. Flagg alifikisha habari Buffalo, mji mkuu wa Kaunti ya Johnson, Sherifu Red Angus akakusanya mamia ya watu, na wavamizi wakajikuta wao ndio wamezingirwa, kwenye ranchi ya TA, kuanzia tarehe 11. Nyaya za simu ya maandishi walikuwa wamezikata wenyewe ili Buffalo isipate habari, na sasa wao ndio waliozihitaji. Walowezi walijenga ngao ya magogo juu ya magurudumu ili wasogee na baruti za kulipulia. Tarehe 13 Rais Benjamin Harrison alikuwa ameshatuma wapandafarasi wa jeshi kutoka Fort McKinney, wakawachukua wavamizi wakiwa hai. Watexas wawili walikufa baadaye kwa majeraha, na wote wawili walikuwa wamejeruhiwa na silaha zao wenyewe kwa bahati mbaya.

Kesi ilihamishiwa Cheyenne. Wale wawindaji wawili, mashahidi wa KC, walikuwa wameshatoroshwa nje ya jimbo, na gharama za kuwaweka washtakiwa zilipaswa kulipwa na Kaunti ya Johnson, ambayo haikuwa na fedha hizo. Januari 1893 kesi ikafutwa.